Mzee Goroli na Kilo za Shemeji

Wasifu uliosomwa siku ya kumzika Mzee Goroli ulikuwa na kurasa mbili, na hakuna mstari hata mmoja uliomhusu. Ulisema alikuwa mpole, mwenye upendo kwa wote, mtu wa watu. Waliofanya naye kazi walitazamana. Mpole? Huyu aliyemtoa mkuu wa hospitali kwenye chumba cha mashine kwa sababu ameegemea kitanda? Wanaoandika wasifu wana roho nzuri, lakini humpaka marehemu mafuta mpaka hata Mungu apate shida kumtambua mlangoni. Basi hapa atasemwa alivyokuwa, na Mungu aliyemjua tangu tumboni mwa mama yake hatachukia.

Kazi yake ilikuwa kucheza goroli. Mkewe alikuwa akiwajibu majirani hivyohivyo: "Mume wangu? Anacheza goroli hospitalini. Na bado anarudi eti amechoka."

Hospitali ile ilikuwa na mashine ya kuchoma uvimbe ndani ya kichwa bila kisu. Mgonjwa analala kitandani, uso umebanwa kwa kinyago cha plastiki chenye matundu ili asitikisike, halafu mkono mkubwa wa mashine unamzunguka ukitupa mionzi myembamba kutoka pembe nyingi. Mwali mmoja peke yake haufanyi kitu cha kutisha. Pale mionzi yote inapokutana ndipo panapoungua. Kwa hiyo swali la kila siku lilikuwa moja tu: je, inakutana pale tunapodhani inakutana, au imeamka na mambo yake?

Kuna mtu alilipwa kuuliza swali hilo, na ndiye huyu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wafagizi hawajamaliza korido, alichukua goroli ya chuma, ndogo kama punje ya njegere, iliyochomekwa kwenye ncha ya kijiti, akaifunga kwenye kichwa cha kitanda. Aliisogeza kwa skrubu ndogo mpaka mistari ya taa inayotoka ukutani ikapishana juu yake. Kisha alitoka, akafunga mlango mzito, akaipiga picha kwa mionzi yenyewe: mkono ukiwa juu, ukiwa chini, kushoto, kulia, kitanda kikiwa kimenyooka, kitanda kikiwa kimegeuzwa. Kwenye kompyuta mwali ulionekana kama sahani nyeupe na goroli kama doa jeusi. Doa likikaa katikati ya sahani, kazi inaanza. Likikimbia zaidi ya milimita moja, hakuna anayelala pale, awe maskini au waziri.

Kabla ya kubonyeza alisali, kila siku sala ileile, fupi kama risiti: "Mungu wangu, kama imekosea, nionyeshe mimi kabla hujamwonyesha mgonjwa." Amina ilitoka pamoja na kidole kwenye kitufe.

Hapo angeweza kunywa chai kama wapimaji wengine. Lakini mwaka mmoja alikaa akaitazama goroli yake, akasema kwa sauti mbele ya wauguzi wawili, "Hii kitu haina makalio." Wauguzi wakadhani ameanza uzee mbaya. Yeye alikuwa na hoja. Anayelala pale si goroli. Ni mtu, na mtu ana uzito, na uzito unaweza kukikandamiza kitanda kikageuka vingine. Goroli haitakuambia hilo, kwa sababu goroli haijawahi kula ikashiba.

Kuanzia siku hiyo, baada ya jaribio la kawaida, alifanya lake ambalo halikuwa kwenye mwongozo wa idara. Mkewe alimshonea mifuko kumi na sita kwa kitambaa cha mapazia ya zamani, kila mmoja akautia mchanga kilo tano. Alisoma uzito wa mgonjwa wa siku hiyo kwenye fomu, akapanga mifuko kitandani kwa kadiri hiyo, kisha akaipiga goroli picha upya. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Mzee Goroli, leo unajenga ghorofa ya ngapi?" Aliwajibu, "Ya kukuzikia wewe," akaendelea kubeba.

Sasa, shemeji.

Shemeji alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mwanamke wa sala na wa maneno, na ulikuwa hujui kimoja kinaishia wapi kingine kinaanzia wapi. Angeweza kukuombea baraka na kumsema mama yako katika pumzi moja. Mwaka ule alianza kugonga vitu vya upande wa kushoto. Kwanza meza, kisha mlango, kisha mchungaji aliyekuwa amesimama kumsalimia. Alidai watu wanamsogezea vitu kwa makusudi. Walipompiga picha ya kichwa wakakuta uvimbe kama punje ya karanga nyuma ya jicho la kushoto, umeukaribia mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo. Kati ya uvimbe na mshipa palikuwa na milimita mbili. Uvimbe usipochomwa, jicho linakwenda. Ukichomwa vibaya, jicho linakwenda vilevile, na safari hii kwa saini ya hospitali.

Siku ya kujaza fomu betri ya mizani ya mapokezi ilikuwa imekufa. Muuguzi akauliza tu kwa mdomo, "Mama, uzito?"

"Sabini na nane," alisema shemeji, bila hata kupepesa.

Mzee Goroli alikuwa amesimama nyuma yake. Sabini na nane aliifahamu. Ilikuwa kweli mwaka alioenda kumposa mdogo wake. Akafungua mdomo. Shemeji akageuka, akamtazama kwa lile jicho zima. Mzee Goroli akaufunga. Ni mtu gani mwenye akili timamu anamsahihisha shemeji yake kilo mbele ya muuguzi? Tena akajifariji kuwa dozi ya kichwa haiulizi kilo. Muuguzi akaandika sabini na nane, na uongo ukapata namba ya faili.

Siku ya matibabu ikafika. Daktari bingwa wa mashine ile alikuwa wa kuja na kuondoka. Alizunguka hospitali kadhaa, na pale alifika kila baada ya wiki sita. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haraka hata akiwa amekaa, na ilikuwa lazima aondoke saa kumi jioni kwenda uwanja wa ndege. Shemeji alipangwa wa kwanza, saa tatu.

Goroli peke yake ilitoa sifuri nukta nne. Nzuri sana. Akapanga mifuko yote kumi na sita, kilo themanini, maana kawaida yake ilikuwa kuzidisha kidogo kuliko kupunguza. Sifuri nukta saba, hata kitanda kikiwa kimegeuzwa. Akachukua kalamu asaini. Mlango ulikuwa wazi nusu, na koridoni shemeji alikuwa anawasili na mdogo wake. Kulikuwa na benchi la mbao, na mwisho wa benchi hilo alikaa mzee mmoja na kikombe cha chai. Shemeji akajitupa mwisho wa pili. Benchi likamnyanyua mzee wa watu upande wake, akashika chai yake kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu kwa macho.

Kalamu ya Mzee Goroli ikagoma.

Akatoka, akachuchumaa mbele ya shemeji kama mtu anayekuja kuposa mara ya pili.

"Shemeji, nina swali la kikazi."

"Uliza, mradi si umri."

"Ni baya kuliko umri."

Shemeji akamwelewa papo hapo. "Nimeshaandika. Sabini na nane."

"Shemeji, mbele ya Mungu."

"Mungu aliniumba, hakunipima."

"Dada, mwambie tu," alisema mkewe Mzee Goroli.

"Wewe nyamaza! Mwenyewe unapita mlangoni ubavu ubavu. Shemeji, andika themanini, uondoke mbele yangu."

"Themanini na...?"

"Themanini na kitu."

"Hicho kitu kina kilo ngapi?"

"Themanini na tano. Na hizo tano ni nguo."

Wakaendelea hivyo, mnada wa kwanza duniani ambao mwenye mali anapandisha bei huku akilia. Tisini ilitoka kwa uchungu. Tisini na mbili ilitoka pamoja na tusi. Pale tisini na mbili akaapa kwamba akisogea tena hata nusu, Mungu amchukue palepale bila matibabu. Mzee Goroli hakutaka kumwingiza Mungu kwenye hesabu. Akamshika mkono wa gauni, akampeleka stoo, kwenye mizani kubwa ya kupimia magunia ya sabuni, akafunga mlango.

"Nitaona mimi tu, shemeji."

Shemeji akavua viatu. Akavua kitambaa cha kichwa. Akavua hereni, akazishika, kisha akakumbuka kuwa kuzishika hakusaidii, akaziweka juu ya boksi la sabuni. Akapanda huku ameangalia dari kama mtu anayepiga picha ya pasipoti ya mbinguni.

Mia moja na moja.

"Mizani ya sabuni hiyo," alisema shemeji.

"Ndiyo, shemeji."

"Ina unyevunyevu."

"Ndiyo, shemeji."

Akarudi kwenye chumba cha mashine na tatizo jipya: mchanga wote alionao ulikuwa kilo themanini. Alichukua boksi zima la karatasi za printa, kilo kumi na mbili na nusu, akaongeza rimu tatu, kilo saba na nusu. Mia kamili. Ikabaki moja. Akatazama huku na huku, kisha akavua viatu vyake mwenyewe, alivyovijua uzito kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo, akavilaza juu ya mchanga. Kupanga nako kulikuwa na aibu zake. Uzito wa mtu haukai sawa mwili mzima, na ili jaribio liwe la kweli ilibidi mifuko mingi iende pale uzito ulipo mwingi kwa shemeji. Alifanya hivyo akitazama ukutani, kwa heshima.

Kitanda kikiwa kimenyooka: sifuri nukta sita. Akaanza kujiona mjinga. Kitanda kikiwa kimegeuzwa nyuzi tisini: moja nukta sita.

Akarudia. Moja nukta tano. Akashusha mchanga wote, akaupandisha upya, jasho linamtiririka, soksi zinateleza sakafuni. Moja nukta sita.

"Nimekusikia," alimwambia Mungu. "Hukuwa na haja ya kusema mara tatu."

Daktari alimkuta amekaa katikati ya karatasi za printa. Akasoma jedwali. "Jaribio la asubuhi limepita. Hili lingine nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi saini. Mgonjwa anangoja."

"Asubuhi ililala goroli, daktari. Sasa anataka kulala shemeji yangu."

"Moja na nusu, mzee! Unajua moja na nusu ilivyo ndogo?"

"Najua. Na wewe umeandika mwenyewe kuwa mshipa uko milimita mbili. Ukitoa moja na nusu kwenye mbili inabaki ngapi? Mimi niliishia sekondari, nisaidie."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa tai. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo ilipouma. "Sikiliza. Nikiondoka leo, narudi baada ya wiki sita. Jicho lile halina wiki sita. Ukikataa kusaini na mashine isitengenezeke, umelitoa wewe. Utawaeleza familia yake?"

"Familia yake ndiyo mimi," alisema Mzee Goroli. Hakusaini.

Akampigia simu fundi wa mashine. Fundi akasema yuko njiani, maneno ambayo kwa fundi yeyote maana yake ni kwamba anatafuta soksi. Kisha Mzee Goroli akaenda koridoni, bado hana viatu, kwa jambo gumu kuliko yote ya siku ile.

Alimweleza shemeji kila kitu kwa maneno mepesi: kitanda kinapinda kikigeuzwa, na kinapinda kwa uzito ule wa stoo, si kwa ule wa fomu. Shemeji alisikiliza kimya, jambo lililomtisha mdogo wake kuliko ugonjwa. Kisha akaanza kukusanya mkoba.

"Twende nyumbani. Nimeelewa. Mashine ya watu wembamba. Mimi nibaki kipofu, kila mtu ajue ni kwa sababu ya unene."

"Kaa chini, shemeji."

"Usiniambie kaa, benchi lenu nalo mtakuja kusema nimelivunja!"

"Kosa ni langu." Aliinua sauti kidogo, na mzee wa chai akasogea karibu apate kusikia vizuri. "Siku ile ya fomu nilikuwa nyuma yako. Nilijua si sabini na nane. Miaka yote hii nakagua mashine isidanganye hata nywele, halafu nasikia uongo wa kilo ishirini na tatu, nanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu nilikuogopa wewe kuliko mashine. Leo nilibakiza saini moja tu nikuchome jicho kwa adabu zangu."

Shemeji akaushusha mkoba. Machozi yalianza upande wa kushoto, kwenye lile jicho baya, kana kwamba lenyewe ndilo lililotajwa.

"Yaani mnaniogopa?" aliuliza.

"Sana," walisema mume na mke kwa pamoja.

"Hata mimi nimeanza," alisema mzee wa chai.

Shemeji akacheka, akapenga kamasi, akakaa. Benchi likalia. Akasema hatoki mpaka saa kumi, na huyo daktari mwenye tai ya uzi akitaka kuondoka mapema, apite mbele yake aone.

Fundi alifika saa tano, akalala chini ya kitanda na tochi mdomoni. Kwa muda wa saa nzima walikuwa wanaona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa na nati mkononi. Kitanda kile kilizunguka juu ya sahani kubwa ya chuma, na sahani ilikuwa imeshikwa na bolti sita. Mbili zilikuwa zimelegea. Kitanda kitupu hakikujua, mtu wa kilo sitini hakujua, hata ule mchanga wa themanini haukujua. Alihitajika mtu wa kuzidi mia, upande ule, pembe ile, ili bolti zikiri.

"Nani alikuambia upime na mzigo wote huu?" aliuliza fundi.

"Mama mmoja mkweli sana," alisema Mzee Goroli.

Kukaza na kusawazisha kulikwisha saa nane kasorobo. Daktari alikuwa ameshatia kompyuta yake kwenye begi mara mbili na kuitoa mara mbili. Mzee Goroli alianza upya kabisa, goroli peke yake kwanza, hakuruka hata pembe moja, ingawa daktari alisimama nyuma yake akihesabu dakika kwa ulimi. Kisha mchanga, karatasi, viatu. Akageuza kitanda nyuzi tisini, akatoka, akafunga mlango, akasali. Safari hii sala ilikuwa na neno la ziada: "Mungu wangu, kama imekosea, nionyeshe. Lakini nakuomba, isikosee."

Sifuri nukta saba. Akarudia. Sita. Akarudia. Saba. Daktari hakusema "saini". Alimpa kalamu yake mwenyewe.

Shemeji alilala saa nane na nusu. Kinyago kilipobanwa usoni hakuweza kufungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu posa familia ilipata dakika arobaini za kimya kutoka kwake. Mzee Goroli alikaa mbele ya kioo akitazama kitanda kikigeuka na mzigo wake halisi. Hakuiondoa mikono mapajani mpaka taa nyekundu ya mlangoni ilipozimika. Daktari aliukimbilia uwanja wa ndege bila kuaga, begi wazi, waya wa chaji unaburuta.

Aliporudi baada ya wiki sita alimpima shemeji macho. Alimsomesha herufi ukutani, akamzungushia kitaa kidogo huku na huku, akalinganisha na karatasi za zamani. Jicho halikuwa limepoteza kitu zaidi. Lakini lile pengo la kushoto lilikuwa palepale, na daktari alisema wazi kwamba lililokwenda halitarudi.

Shemeji alitoka nje akamkuta Mzee Goroli anamngoja mlangoni.

"Nimesoma mstari uleule," alisema. "Haujashuka, haujapanda. Yaani mmenipandisha kwenye mizani ya sabuni, mmenianika koridoni, mmenifunga mdomo, yote hayo ili nibaki vilevile?"

"Ndiyo, shemeji. Vilevile ndiyo kazi yangu."

Shemeji akafyonza, akasema hajawahi kusikia kazi ya kipumbavu namna hiyo na Mungu aibariki. Kisha akashika mkono wa shati lake kwa upande ule asiouona, wakaanza kushuka ngazi, yeye akihesabu, shemeji akilalamika.